Suri ya Mkono wa Kushoto

Binti yangu ana kiduka cha kuchapa maandishi hapa Kolwezi, kwenye barabara inayoshuka sokoni, na mimi humsaidia siku ambazo magoti yangu yanakubali. Tunapatana vizuri, isipokuwa kwa jambo moja. Kila nikiketi mbele ya kompyuta, kabla sijachapa hata herufi, naingia kwenye mipangilio ya suri. Suri ndivyo tunavyoita sisi, kwa Kifaransa chetu cha kuokoteza. Vitabuni naona wanaandika kipanya. Napunguza mwendo wa kishale. Kisha nashika ule mwendo wa kugonga mara mbili, nauteremsha mpaka mwisho kabisa, pale ambapo mashine iko tayari kukusubiri upige chafya kati ya pigo la kwanza na la pili.

Binti yangu akija baada yangu huanza kulalamika. "Mama, bantu banalala mbele ya mashini juu yako." Namwambia haraka haraka haina baraka. Ananijibu kwamba baraka hailipi umeme. Anarudisha kila kitu kwenye haraka, na kesho yake mimi napunguza tena. Wateja wanadhani ni uzee. Wacha wadhani.

Hajui kwa nini nafanya hivyo. Alikuwa bado wa kubebwa mgongoni tulipouacha mji huu, ambao tulikuja kuurudia baadaye, na mambo yale sijawahi kumsimulia kwa utaratibu, kwa sababu nikianza yeye hunitazama usoni na kuleta maji, na maji yakishaletwa hadithi imekwisha. Nimeona afadhali niandike.

Mume wangu alizaliwa Musonoi, hapa hapa Kolwezi. Nalitanguliza hilo kwa kuwa baadaye watu wengi walijifanya hawalijui, hata waliocheza naye mpira wa matambara kando ya mashimo ya mgodi. Aliyetoka Kasai ni baba yake, zamani za Wabelgiji, alipoletwa kwa treni kuja kuchimba. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba mkwe wangu alipewa sepetu siku ya kwanza, na hakuiweka chini mpaka mapafu yalipomwisha. Mume wangu hakuwahi kuiona Kasai. Aliijua kwa nyimbo za mama yake, na kwa lugha yake ya kule ambayo mimi, Mluba wa Kabongo, humu humu Katanga, nilikuwa naicheka, maana ilikuwa lugha yangu iliyovaa viatu vya mtu mwingine.

Tulifanya kazi ofisi moja, ya kampuni ndogo ya malori iliyokuwa ikipeleka vipuri migodini. Mimi nilikuwa mpiga taipu, yeye karani wa stoo. Kompyuta ya kwanza ilipofika, kubwa kama sanduku la mahari, alipewa yeye. Watu walikuja kuichungulia dirishani. Alikuwa akiona fahari, ingawa alijitahidi kuificha. Nilimjua kwa namna alivyokuwa akipangusa vumbi kwenye kioo kwa kitambaa chake cha Jumapili.

Miaka ile shaba ilikuwa inakufa mikononi mwetu. Mgodi wa chini ya ardhi ulikuwa umeporomoka, mitambo ilikuwa ikisimama mmoja baada ya mwingine, na mshahara ulikuja kama mvua ya kiangazi, yaani ukija unashangaa. Watu wakikosa unga hutafuta wa kumlaumu, na huwa hawamtafuti mbali. Lakini kabla hayo hayajafika mlangoni kwetu, sisi tulipata letu.

Alianguka asubuhi moja akinyoa ndevu. Nilisikia beseni likigonga sakafu. Nilipofika alikuwa amekaa chini na povu shavuni, ananitazama kwa jicho moja lenye mshangao na jingine lililolegea. Upande wa kuume ulikuwa umepooza. Daktari wa zahanati, mtawa mmoja mzee asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba damu ilikuwa imepanda sana, kwamba angepona nusu, na kwamba nusu hiyo tungeweza kuilinda: ameze dawa kila siku bila kukosa, asilale kwenye baridi, asibebe mizigo, na ugomvi asiukaribie. Hilo la ugomvi lilinichekesha hata katika machozi, maana alikuwa amenioa mimi.

Mguu ulirudi kiasi. Mkono wa kuume haukurudi. Sasa, kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Humsalimii mtu nao, humpokei nao, na mtoto akiunyoosha hupigwa kofi jepesi kabla hajajua kosa lake. Mume wangu alikuwa mtu wa adabu mno. Alipokutana na watu aliushika mkono uliokufa kwa ule mzima, akauinua kama mtu anayemwinua mgonjwa kitandani, ndipo akausogeza mbele usalimiwe. Mezani hakula mbele ya wageni. Nilikuwa nangoja waondoke, namlisha, na yeye anafumba macho.

Kazini alirudi, kwa sababu chef wetu, mkubwa wa ofisi, alikuwa bado anamhitaji. Lakini mashine ilimshinda. Suri ilikuwa imetengenezwa kwa mkono wa kuume wa mtu mzima. Akiichukua kwa kushoto, kidole cha shahada kilikuwa kinaangukia kitufe kisicho na kazi. Kishale kilimtoroka, kinaruka kutoka kona hadi kona, na lile jicho legevu halikuweza kukifuata. Mbaya zaidi ilikuwa kugonga mara mbili. Aligonga mara ya kwanza, kidole kikakwama hewani, kikatafakari, na kilipogonga mara ya pili mashine ilikuwa imeshasahau ya kwanza.

Mchana mmoja wengine walipokwenda kula, tulibaki. Kulikuwa na kitabu cha maelezo cha Kifaransa ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua. Nilisoma kwa sauti huku yeye akiniongoza, na tukafika kwenye ukurasa wa mipangilio wenye picha ndogo ya suri. Sijui kama mtu wa leo anaweza kuelewa furaha tuliyoipata pale. Kulikuwa na kisanduku cha kubadilisha vitufe, cha kushoto kiwe cha kuume. Kulikuwa na mstari ulioandikwa *lente*, polepole, upande mmoja na *rapide*, haraka, upande mwingine, unatelezesha alama unapotaka. Kulikuwa na kisanduku kingine cha kukifanya kishale kiache kivuli nyuma yake, vivuli vidogo vidogo vinavyokifuata, ili jicho lisikipoteze. Na kulikuwa na mahali pa kujaribia: ukigonga mara mbili na mashine ikakubali kwamba ni mara mbili, pale panageuka pakawa peusi.

Aliuchukua ule mkono wa kushoto, akausimamisha juu ya suri bila kuigusa. Nilijua alichokuwa akifikiria.

"Mama," akasema, kwa kuwa tuliitana mama na tata, yaani baba, "suri haiko muntu. Haitakasirika."

"Haitakasirika, tata. Ipatie tu."

Akaishika. Tulihamisha vitufe, tukaweka vivuli, tukashusha mwendo. Ule wa kugonga mara mbili tuliushusha, akajaribu, pakabaki peupe. Tukaushusha tena, peupe. Tukaushusha mpaka mwisho wa *lente*. Akagonga. Kidole kikakaa hewani. Akagonga tena. Pakawa peusi, na mume wangu akacheka kwa nusu ya uso iliyokuwa inaweza kucheka, nami nikambusu pale ofisini, jambo ambalo sikulifanya kabla wala baada.

Nyumbani tulifanya mazoezi. Baada ya chakula nilikuwa naweka mkono wangu mezani, yeye anaweka wake juu yake, na anagonga kwa kidole kwenye mgongo wa mkono wangu. Pigo la kwanza. Halafu tunangoja, watoto wanabana pumzi kwa mchezo. La pili lilikuwa linachelewa, lakini lilikuwa linakuja. Mwanangu mkubwa alikuwa anapiga makofi. Nikisikia watu wakisema mapenzi ni maua na manukato, mimi huwaza kidole kile.

Kisha ikaanza ile sauti redioni. Wakubwa walisema mikutanoni kwamba Katanga ina wenyewe, na vijana wakalibeba neno hilo mpaka kwenye njia panda na vijiti mikononi. Watu wa Kasai wakaitwa *bilulu*, wadudu. Mtu ambaye jana alikuazima chumvi leo anakuita mdudu, na chumvi yako bado iko kwenye mchuzi wake. Jirani zetu wa upande wa nyuma waliondolewa kwanza. Tulisikia mabati yao yakishushwa, na mume wangu akaomba sauti ya redio ipandishwe, asiyasikie.

Mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Kasaji, alikokuwa akilima. Alikaa bila kunywa chai.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "we uko muntu wa hapa. Hakuna mutu atakugusa. Mwache aende kwabo."

"Kwabo ni wapi?"

"Unajua."

"Kwabo ni hapa penye umeweka miguu yako. Na batoto?"

Akatazama sakafu. "Batoto beko ba baba yabo."

Walisema damu ni nzito kuliko maji. Kumbe hata damu inapimwa, kuna inayohesabika na isiyohesabika. Nilimfungia mdogo wangu mihogo ya njiani, maana ni mdogo wangu, kisha nikafunga mlango.

Chef alimwambia mume wangu asirudi tena kazini. Alisema si yeye, ni hali. Nimeishi miaka mingi na bado sijakutana na huyu bwana anayeitwa Hali, ningekuwa na maneno naye. Vijana walipofika kwetu walitupa muda wa kutoa magodoro. Mimi waliniambia naweza kubaki. Nilimfunga binti yangu mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, na tukashuka stesheni na mume wangu akiburuta mguu nyuma yetu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sitaieleza stesheni ile yote. Watu walikuwa wamelala kando ya reli mbali kuliko macho yanavyoona, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Ilikuwa masika. Tulitengeneza kibanda kwa meza yetu, turubai na mlango wa kabati. Usiku maji yalipita chini yetu, na mimi nilimweka mume wangu juu ya magodoro na kulala ubavuni pake upande ambako upepo unatokea. Dawa zake zilikuwa zinaisha. Nilipanda zahanati, yule mtawa alinipa alizokuwa nazo, akanitazama usoni, akasema kwamba mtu huyu akiendelea kulala chini hatamaliza masika. Hakulizunguka. Nilimshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo nilijua. Mume wangu akibaki Kolwezi, chini ya paa, ataishi. Akipanda treni ile, hataishi. Kila kilichofuata nilikitazama kwa jicho hilo moja.

Ndipo alipokuja jirani yetu mwingine, mtu wa Katanga. Alikuwa mtu wa makamo, tuliimba naye kwaya moja Musonoi, na mke wake na mimi tulichota maji pamoja miaka mingi. Ni yeye aliyekuwa amepewa kiti cha mume wangu. Alikuja kati ya vibanda akitembea kwa uangalifu asikanyage vyombo vya watu, na alipotufikia alivua kofia.

"Tata, chef anakuita. Mashini inakatala."

"Inakatala nini?"

"Inakatala siye bote. Minafinya, minafinya, haisikie. Tumeizima, tumeiwasha, ni vile vile. Na kile kishale kiko na bivuli nyuma, bivuli binakifuata kila pahali." Akashusha sauti. "Bantu banasema uliacha dawa ndani."

Nilielewa mara moja, na nilimwona mume wangu akielewa. Walikuwa wamekuta suri iko upande wa kushoto wa meza, wakaihamishia kuume, basi. Kwamba tulikuwa tumehamisha vitufe ndani ya mashine, hilo tulilijua watu wawili duniani. Walikuwa wanabonyeza kitufe kilichokufa. Na vivuli tulivyoviweka kwa ajili ya jicho bovu, wao waliona mizimu.

Ningecheka. Lakini moyo wangu ulikuwa umeruka, kwa sababu niliona mlango. Watoto niliwaachia mama mmoja wa kibanda cha pili, nikamshika mume wangu kiwiko, tukapanda mjini nyuma ya jirani. Nilimwacha jirani atangulie kidogo.

"Usibaonyeshe, tata," nikamnong'oneza. "Nakuomba. Ubaambie inasikia we tu. Basi. Haiko bongo, haiko uongo, si ni kweli inasikia we tu?"

Alikuwa anahema, kilima kilikuwa kinamshinda.

"Tata, batoto."

"Nimesikia, mama," akasema.

Ofisini walikuwa wamejaa. Mlinzi wa lango alikuwa mlangoni amekunja mikono, hataki kuingia. Mtu mmoja alikuwa amenyunyiza maji ya baraka juu ya kibodi, na mwingine alikuwa anayapangusa kwa hofu ya umeme. Kwenye kiti kulikuwa na alama ya jasho la jirani yetu. Mume wangu aliketi. Akaisogeza suri kurudi kushoto, akaiwekea mkono, na kishale kikatoka polepole na mkia wake wa vivuli, kikaenda alikotaka. Akagonga. Kidole kikakaa hewani. Akagonga tena. Orodha ya vipuri ikafunguka.

Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Chef akainama karibu naye. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, kila neno nililisikia.

"Unaona? Inakusikia we tu. Kama ni vile, minaweza kusema kule juu: huyu hatuwezi kazi bila yeye. Utabaki. We na bibi na batoto. Sema tu."

Sijui ahadi ile ilikuwa na uzito gani. Labda ilikuwa upepo. Lakini ilitolewa, niliisikia kwa masikio yangu, na niliuweka mkono wangu kwenye bega la mume wangu, nikambana.

Mlinzi akasema kutoka mlangoni, "Ni dawa, chef. Nilibaambia. Ni mulozi ule."

Mume wangu aligeuza kichwa akamtazama mlinzi kwa muda. Kisha akamtazama jirani yetu, aliyekuwa ameikunja kofia yake mpaka imekuwa kama kamba. Kisha akageukia mashine.

"Hapana, chef. Haiko dawa, na haiko mi. Tuliipanga hivi na bibi yangu, juu ya mukono yangu. Mutu yeyote anaweza kuirudisha."

Bega lake lilikuwa bado mkononi mwangu. Alifungua ukurasa wa mipangilio. Alieleza taratibu, kama alivyowaeleza wote siku zote, hiki ni cha vivuli, hiki ni cha mwendo, na alivitoa vivuli, akapandisha mwendo wa kishale, na watu wakaanza kusogea tena karibu. Mwisho akakipeleka kishale kwenye kisanduku cha vitufe. Akagonga. Alama ikatoka, na pale pale vitufe vikahama.

Ilibaki kubonyeza OK. Alipeleka kishale juu yake, akagonga kwa kidole kile kile. Kimya. Akagonga tena. Mashine haikusikia. Ilikuwa imeshakuwa ya watu wa mkono wa kuume, nayo haikumjua tena. Aligonga mara nyingine, polepole, na nadhani hakuwa akijaribu tena, alikuwa akiaga. Jirani yetu alipitisha mkono juu ya bega lake, akasema, "Samahani, tata," akabonyeza yeye.

Ule mwendo wa kugonga mara mbili hakuna aliyeugusa. Hakuna aliyeukumbuka.

Fadhila ya punda ni mateke. Sisi angalau tulipewa nusu mfuko wa unga. Jirani aliubeba mpaka stesheni, akauweka chini, akaondoka akilia bila kuficha. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nione mambo kwa uwazi mkubwa, kila kokoto la reli peke yake.

"Juu ya nini?" nikamuuliza. "Niambie tu juu ya nini."

Alikuwa amelala, amefumba macho.

"Ulimusikia ule mulinzi? Kama mashini inasikia mi tu, basi niko mulozi. Mulozi habamwache mu muji, mama. Banamuchoma, na nyumba, na batoto ndani." Akapumzika. "Na ule jirani yetu alikuwa anatoka jasho sana."

Huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Labda alisema kweli kuhusu moto. Nimelifikiria jambo hili kila mwaka, na kuna miaka naona alituokoa na miaka naona alijitoa mwenyewe bure kwa sababu ya jasho la mtu mwingine. Hasira ingalipo. Simwekei yeye. Naiweka juu ya ule mji mzima uliomfanya achague kati ya kuwa mdudu na kuwa mchawi, mtu aliyekuwa anajua kuwa karani tu.

Treni ilikuja baada ya dawa kwisha. Ilikuwa mabehewa ya mizigo, na tulipakiwa kama mizigo. Kabla ya stesheni ya Tenke alikuwa bado anazungumza, alimwonyesha mkubwa wetu vichuguu kupitia upenyo wa mlango. Baada ya Tenke kitu kikapasuka ndani yake tena. Hakuanguka, maana hapakuwa na nafasi ya kuangukia. Kinywa kilienda upande, maneno yakaisha.

Nilikaa na kichwa chake pajani. Sikujua kama ananisikia. Nikakumbuka meza yetu ya jioni, nikaweka mkono wangu juu ya kifua chake na mkono wake wa kushoto juu ya mgongo wa mkono wangu.

"Tata, unanisikia?"

Pigo moja. Nikangoja. Likaja la pili.

Basi tulizungumza hivyo safari nzima. Unataka maji? Moja, kungoja, mbili. Baridi? Moja, kungoja, mbili. Kama hataki, mkono ulikaa kimya. Tulipofika Kamina, wanawake wa Katanga waliambiwa tena kwamba anayetaka kushuka ashuke. Kutoka Kamina kwenda kwetu Kabongo ni treni nyingine tu, na nyumba ya mama yangu ingekuwa na moto jikoni. Nilimuuliza kama anataka nishuke. Mkono ulikaa kimya muda mrefu, kisha akageuza uso kwenye tumbo langu, na nikajua kwamba hataki, na kwamba anaona haya kutotaka. Nilibaki.

Mbele ya Kamina treni ilisimama porini. Wengine walisema kichwa kimeharibika, wengine walisema dereva amekwenda kutafuta chakula. Jua lilikuwa limepanda juu ya bati la behewa, watoto wote walikuwa wamenyamaza. Nilikuwa nikimpepea kwa kipande cha kitenge. Nikainama sikioni mwake.

"Tata, ungali uko na mi?"

Pigo la kwanza lilikuja, jepesi, lakini lilikuja, nililihisi hapa, kwenye mfupa wa kidole cha kati. Nikangoja la pili. Siku zote lilikuwa linachelewa, kwa hiyo sikushtuka. Treni ilitikisika ikaanza kwenda. Binti yangu aliamka mgongoni mwangu, akalia, akalala tena. Nilikuwa bado nangoja wakati mama mmoja wa behewa letu aliponisogelea, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili, akautoa mkono wangu taratibu kutoka chini ya mkono wa mume wangu.